Dodoso la Tumbo kwa Watu wa Mwanza: Litafsiriwe Vipi, na Nani Alisome?

Kuna magonjwa ya tumbo ambayo mashine haiyaoni. Mgonjwa amemezeshwa mpira wenye kamera, ultrasaundi imepigwa, choo na damu vimepimwa, majibu yote safi, na bado tumbo linamnyonga kila baada ya siku mbili tatu. Zamani yaliitwa matatizo ya utendaji wa utumbo. Siku hizi wataalamu wanasema ni matatizo ya mawasiliano kati ya ubongo na utumbo. Kwa magonjwa haya swali ndilo kipimo. Swali likipinda, utambuzi nao unapinda.

Makala haya yanamlenga daktari wa wilayani, mwanafunzi wa uzamili pale CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Bugando, au mtafiti anayetaka kutumia dodoso la dalili za tumbo kwa wakazi wa Mwanza na visiwa vyake. Ana maamuzi mawili mbele yake: namna ya kulitafsiri, na namna ya kuliuliza. Wengi humaliza nguvu na fedha kwenye la kwanza. Nitalinganisha yote mawili, lakini msimamo wangu niuseme mapema: fedha ikiwa kidogo, ipunguze kwa watafsiri, iongeze kwa wagonjwa watakaokaa na wewe na kukueleza wamesikia nini.

Kinachotafsiriwa

Vigezo vinavyotumika zaidi duniani ni vile vya Roma, toleo la nne, vilivyotolewa mwaka 2016 na Rome Foundation, shirika la wataalamu wa magonjwa haya. Mtu huhesabiwa kuwa na ule ugonjwa wa utumbo ambao madaktari huuandika IBS akiwa na maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki, kwa wastani, ndani ya miezi 3 iliyopita. Maumivu hayo yaambatane na mawili kati ya haya: yanahusiana na kwenda haja kubwa, idadi ya safari za chooni imebadilika, au choo chenyewe kimebadilika sura. Tena tatizo liwe limeanza miezi 6 iliyopita au zaidi. Kwa tumbo la juu hesabu ni nyingine: kujaa baada ya kula au kushiba upesi kuwe siku 3 kwa wiki, na maumivu au moto wa chembe ya moyo siku 1 kwa wiki.

Toleo la tatu, la mwaka 2006, lilikuwa na mlango mpana zaidi. Lilikubali maumivu, au hata hali ya kutojisikia vizuri tumboni, siku 3 kwa mwezi. Hiyo hali ya kutojisikia vizuri ikafutwa kwenye toleo la nne, na sababu mojawapo ni kwamba lugha nyingine hazina neno lake, na zenye neno zinalielewa kila moja kivyake. Kwa hiyo hata waliotunga vigezo walilazimika kurudi nyuma na kuibadilisha maana ya ugonjwa kwa ajili ya lugha. Ukiona Kiswahili kinagoma mahali fulani, usidhani ni upungufu wa Kiswahili.

Na dodoso la vigezo hivi lina mwenyewe. Kabla ya kugusa sentensi hata moja, waandikie Rome Foundation kuomba ruhusa na kuuliza kilichopo tayari. Wana utaratibu wao wa tafsiri, na watataka kuona hatua ulizopita.

Njia za kutafsiri, moja kando ya nyingine

Ya kwanza ni ile ya kila siku: daktari anashika karatasi ya Kiingereza na kuuliza kwa Kiswahili papo hapo. Haina gharama, inaanza leo. Kwa mazungumzo ya kliniki inatosha kabisa, maana daktari mzuri akiona mgonjwa hajaelewa atauliza upya. Kwa kuhesabu watu haifai. Madaktari watatu watakuwa na madodoso matatu, na utakachopima mwishoni ni mdomo wa daktari.

Ya pili ni tafsiri ya kwenda na kurudi. Mtu mmoja anatoa Kiingereza kwenda Kiswahili, mwingine asiyeiona asili anarudisha Kiswahili kwenda Kiingereza, kisha Kiingereza cha mwanzo na cha mwisho vinalinganishwa. Majarida huipenda na kamati za maadili huiulizia, kwa kuwa inaacha karatasi za kuonyesha. Hatua zilizochapishwa na Beaton na wenzake mwaka 2000 zinataka watafsiri wawili wa kwenda, mmoja anayeijua mada na mwingine asiyeijua, wawili wa kurudi, kamati, na mwishoni majaribio kwa watu 30 hadi 40.

Kasoro yake ni kwamba tafsiri mbaya inaweza kurudi salama. Chukua "tumbo kujaa". Kwa mtu wa Nyegezi au Buzuruga, tumbo limejaa pale gesi inapolivimbisha hadi nguo inabana. Limejaa pia pale chakula cha mchana kinapokaa bila kushuka mpaka jioni. Kwenye vigezo vya Roma hayo ni mambo mawili: la pili ni dalili kuu ya tumbo la juu kusumbua bila kidonda, la kwanza lina mahali pake pengine. Mtafsiri wa kurudi atakuandikia Kiingereza kizuri kwa yote mawili, na mezani kila kitu kitaonekana kimelingana. Mgonjwa ndiye atakayekwambia tofauti, akisema "chakula hakishuki" kwa hili na "tumbo limevimba" kwa lile. Maneno yote mawili yapo sokoni Kirumba kila siku. Hayakuwa kwenye karatasi tu.

Ya tatu ni jopo. Watafsiri wawili au zaidi wanafanya kila mmoja kivyake, kisha wanakaa na daktari wa tumbo, muuguzi na mtu wa lugha, wanabishana sentensi kwa sentensi, mmoja anakata shauri, na sababu za kila uamuzi zinaandikwa. Mimi naipenda kuliko ya pili. Jopo linakamata mambo ya adabu ambayo tafsiri ya kurudi haiyaoni kamwe. Muuguzi atakuambia kwamba huwezi kumsomea mzee wa Misungwi neno "kinyesi" ukatarajia aendelee kukutazama usoni; sema "haja kubwa" au "choo". Atakuambia pia kwamba swali lolote litanguliwe na shikamoo, na kwamba "wewe" iliyo kwenye karatasi igeuke "mama" au "mzee wangu" mdomoni.

Udhaifu wa jopo ni waliomo. Wote wana shahada, wote wana choo cha kuvuta maji, na kila mmoja anakula kwenye sahani yake.

Kuketi na wagonjwa

Njia ya nne haisimami peke yake, inakuja juu ya mojawapo ya hizo. Unamsomea mgonjwa swali, anajibu, halafu unamuuliza: umeelewa nimeuliza nini? Umehesabu vipi? Ulikuwa unafikiria siku gani? Mwongozo wa ISPOR, chama cha kimataifa cha watafiti wa uchumi na matokeo ya tiba, wa mwaka 2005 unapendekeza watu 5 hadi 8 tu kwa hatua hii. Ni wachache, ila mazungumzo ni marefu, na hapa ndipo dodoso la Roma linapokutana na maisha ya ziwani.

Swali la kushiba upesi, kwa mfano, linauliza kama unashindwa kumaliza mlo wa kawaida. Limetungwa kwa mtu mwenye sahani yake. Nyumbani Ukerewe ugali wa muhogo umewekwa katikati, sato yuko pembeni, na mikono minne mitano inaingia. Hakuna mlo wa mtu mmoja wa kumaliza. Mama atakujibu kwa ukweli kabisa, "chakula huwa kinaisha", na wewe utaweka sifuri kwa mtu ambaye kila siku ananawa baada ya matonge mawili. Swali linalofanya kazi hapo linafanana na hili: "Mama, huwa unanawa kabla ya wenzako kwa sababu tumbo halipokei tena, ingawa ulikaa na njaa?" Na sababu iulizwe waziwazi, maana wapo wanaonawa mapema kwa heshima tu, kumwachia mgeni au watoto.

Kufunga choo nako kuna mtego. Ukimuuliza mvuvi wa kambini, "Huwa unakosa choo?", anaweza kukujibu kuhusu jengo. Kambi nyingi za ufukweni hazina vyoo vya kutosha, kwa hiyo jibu lake litakuwa sahihi na halitakufaa kitu. "Siku ngapi zinapita bila kupata haja kubwa?" halina njia ya pili.

Kuna picha za Bristol pia, zilizochapishwa mwaka 1997, zenye aina 7 za choo kuanzia vipande vigumu vilivyotengana hadi maji matupu. Watafiti huzipenda wakiamini picha haihitaji tafsiri. Aina ya kwanza kweli haina shida, kila mtu atasema ni kama cha mbuzi na wengine watacheka. Shida ni kwamba picha zile zinadhani mtu huona alichotoa. Kwenye choo cha shimo chenye giza haoni, na vichakani haangalii. Ukimlazimisha achague, atachagua ya katikati kwa adabu. Kwa watu hao afadhali kuuliza wanachokihisi: kilitoka kwa kusukuma sana, kilitoka laini bila shida, au kilikuwa cha majimaji cha kukimbilia. Hizo ngazi tatu zinapoteza undani, lakini jibu la kweli lenye ngazi tatu nalipenda kuliko la kubahatisha lenye saba.

Hesabu ya asilimia ndiyo nzito kuliko zote. Dodoso la Roma linauliza ni asilimia ngapi ya nyakati maumivu yalihusiana na kwenda haja, kwa ngazi za kumi kumi kutoka 0 hadi 100, na mpaka wa IBS ni 30. Hata mhasibu wa mjini atakadiria tu. Weka punje kumi za maharage mezani, sema, "Hizi ni mara kumi tumbo lilipouma, nitengee zile ambazo lilitulia au lilizidi ulipokwenda haja." Punje tatu ndio mpaka. Umebadilisha umbo la swali, kwa hiyo lazima uliandike na ulijaribu, ila hesabu imebaki ileile.

Halafu kuna muda. "Miezi mitatu iliyopita" ni maneno mepesi kwa mtu wa ofisi mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mvuvi wa dagaa anaishi kwa mwezi wa angani: anatoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa anapumzika, anashona nyavu. Ukimwambia ahesabu vipindi vitatu vya giza vilivyopita anakumbuka vizuri, na tofauti na miezi mitatu ya kalenda ni siku chache tu. Kwa wiki, tumia kinachoirudisha: Jumapili, Ijumaa, Jumamosi kwa Wasabato, au siku ya gulio. Kuna faida nyingine usiyoitarajia. Mtu anayelala mchana na kula usiku wa manane, tumbo lake linaweza kusumbua wakati wa giza na kutulia wakati wa mbalamwezi, na wastani wa miezi mitatu utalificha hilo. Ukishalijua, unaweza kuongeza swali moja lako mwenyewe mwishoni, mbali na yale ya Roma.

Nani asome swali

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Rome Foundation kwenye nchi 33, watu 73,076. Nchi nyingi zilitumia intaneti, nyingine mhojaji alikwenda nyumbani, Ghana na Nigeria zikiwamo katika hizo za nyumbani. Waliojibu kwa intaneti, asilimia 40.3 walikuwa na angalau tatizo moja la aina hii. Waliohojiwa nyumbani, 20.7. Kwa IBS peke yake ni 4.1 dhidi ya 1.5. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya nchi zenyewe, kwa sababu hazikuwa zilezile. Hata hivyo pengo la nusu kwa nusu linatosha kumfanya mtu asimame. Mbele ya mgeni, mambo ya choo husemwa kwa uchache.

Karatasi ya kujaza mwenyewe inampa mtu faragha. Kwa wanafunzi na wafanyakazi wa mjini ningeichagua bila kusita. Kwa mgonjwa asiyesoma haiwezekani, na kwa anayesoma kwa taabu ni mbaya zaidi, maana ataijaza na wewe hutajua. Zaidi ya hapo, maswali ya mara ngapi yana majibu 9, kuanzia "hapana kabisa" hadi "muda wote". Kwenye karatasi yanaonekana yote. Yakisomwa kwa sauti mtu anashika la kwanza na la mwisho.

Mhojaji anatatua kusoma na analeta aibu. Ukimtumia, yavunje yale majibu 9 kwa ngazi: tumbo limewahi kuuma ndani ya kipindi hiki? Linauma kila wiki? Siku ngapi ndani ya wiki? Mhojaji ndiye aweke namba baadaye. Mchague pia kwa jinsia na umri. Kijana wa kiume wa miaka ishirini na kitu hatapata chochote cha maana kuhusu haja kubwa kutoka kwa mama mtu mzima wa Sengerema, awe amefundishwa vipi.

Kishikwambi chenye sauti na spika za masikioni kiko katikati, na kwa sehemu hizi ndicho ningekipa fedha. Watu walikizoea tangu Sensa ya 2022, programu za kukusanya majibu kama ODK hucheza sauti iliyorekodiwa, na mhojiwa anagusa rangi au picha bila jirani kujua swali ni lipi. Chaji visiwani ni usumbufu, na jua la ufukweni linafuta kioo, kaeni kivulini. Faida kubwa ni kwamba swali linatamkwa vilevile kwa kila mtu, jambo ambalo mhojaji aliyechoka saa tisa alasiri hawezi kuahidi.

Usiulize jina la ugonjwa, wala usiulize kabla ya wakati

Mwanza mtu akiumwa tumbo la juu husema ana "vidonda vya tumbo", hata kama hajawahi kumeza mpira. Jina amelipata duka la dawa. Dodoso lolote lenye maneno hayo litavuna jibu la duka la dawa. Mwombe aweke kiganja panapouma. Hili ni la lazima zaidi kwa kuwa kwa Kiswahili chembe ya moyo iko tumboni, na mtu anaweza kukwambia moyo unauma au unachafuka ilhali kifua hakina neno. Kiganja hakina utata huo.

Lingine ni kichocho. Ukanda wa ziwa umejaa kichocho cha utumbo, na dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuharisha na wakati mwingine damu kwenye choo. Mtu wa Ukara au Kome anaweza kutimiza vigezo vya Roma kwa kila alama huku minyoo ikiwa ndani ya mishipa yake. Dodoso halitatofautisha, liwe limetafsiriwa na nani. Kwa hiyo hapa mpangilio uwe tofauti na wa nchi yake ya asili: kipimo cha kichocho kwanza, na kwa kuwa darubini hukosa maambukizi mepesi, kipimo cha mkojo kinachotafuta chembechembe za mdudu kiongezwe kikipatikana. Mwenye nacho apewe dawa ya praziquantel, ile ya miligramu 40 kwa kila kilo, aachwe kwa muda, ndipo aulizwe. Na damu kwenye choo, kukonda, homa, upungufu wa damu, au chakula kukwama kinaposhuka, hayo yanamtoa mtu kwenye dodoso moja kwa moja na kumpeleka kwa daktari. La mwisho lisipuuzwe: saratani ya koo la chakula ni kubwa katika ukanda huu wa Afrika Mashariki.

Usitegemee miujiza hata ukifanya yote haya. Dodoso la Kiingereza lenyewe lilipojaribiwa liliwakamata takriban asilimia 63 tu ya waliokwisha kuambiwa na madaktari kwamba wana IBS, ingawa lilikuwa hodari kwa wasionayo: asilimia 97 liliwaacha. Kwa hiyo la Kiswahili likikosa theluthi ya wagonjwa wako wa hospitali ya Bugando au Sekou Toure, usikimbilie kuilaumu tafsiri.

Na Kisukuma?

Swali hili huja kila mara, na jibu la haraka ni kwamba mjini Kiswahili kinatosha. Linalobaki ni wazee wa Kwimba na Magu, na visiwani kuna Kikerewe, Kikara, Kijita. Kuchapisha dodoso la Kisukuma kwenye karatasi naona ni kupoteza fedha: shule zimetufundisha kusoma Kiswahili, na wengi wanaokisema Kisukuma vizuri hawajawahi kukisoma. Kumwachia muuguzi atafsiri papo hapo kunaturudisha kwenye ile njia ya kwanza, tena kwa lugha ambayo mtafiti mwenyewe huenda haisikii. Rekodi sauti. Si dodoso zima, bali maswali yanayobeba utambuzi: maumivu, uhusiano wake na haja, kushiba upesi, chakula kutoshuka, na siku ngapi kwa wiki. Asome mwanamke mtu mzima, taratibu, na kabla ya kuipeleka popote wasikilize wazee wachache wa Kwimba na wachache wa Magu, kila kundi peke yake, kwa kuwa Kisukuma cha huku na cha kule hakifanani kila neno. Wanapotofautiana, rekodi mbili ni nafuu kuliko kubishana ipi ndiyo sanifu.